Unaenda kusoma Uingereza? Mambo ambayo mwanafunzi Muislamu anatakiwa kuyajua kabla ya kupanda ndege

Barua ya chuo imefika, viza imetoka, tiketi ipo kwenye simu. Nyumbani wamesoma dua, mama ameshafunga viungo na dagaa kwenye begi, na kila shangazi anakuambia neno lile lile: "Mwanangu, usiache swala."

Neno jepesi kulisema. Ukifika huko ndipo unagundua kwamba kuswali, kufunga na kula halali ni mambo ambayo nyumbani yalikuwa yanajipanga yenyewe. Adhana ilikuamsha, bucha ilikuwa ya Muislamu, na Idd ilikuwa sikukuu ya taifa. Ugenini hakuna anayekupangia, unapanga mwenyewe. Na asiyejipanga mapema huwa haachi dini kwa siku moja, anaiacha kidogo kidogo: leo Alasiri imempita, kesho Ijumaa, mwezi ujao hakumbuki mara ya mwisho aliswali lini.

Makala hii inaangalia zaidi Uingereza, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaenda kusoma. Mwishoni tumegusa China, Ufaransa na Norway.

1. Saa za swala zitakuchanganya

Hapa kwetu jua na saa ni ndugu. Linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na hata hesabu yetu ya saa za Kiswahili imejengwa juu ya hilo. Dar es Salaam, mwaka mzima Magharibi inaingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro. Mtu anaweza kukisia wakati wa swala bila kuangalia chochote.

London ni habari nyingine. Tarehe 21 Desemba jua linachomoza saa mbili na dakika 4 asubuhi na linazama saa tisa na dakika 53 alasiri. Ndiyo, Magharibi kabla ya saa kumi! Tarehe 21 Juni jua linachomoza saa kumi na dakika 43 alfajiri na kuzama saa tatu na dakika 21 usiku.

Maana yake ni nini kwa mwanafunzi?

Wakati wa baridi swala zinabanana. Adhuhuri inaingia karibu saa sita mchana, Alasiri karibu saa nane kasoro robo, Magharibi saa kumi kasoro. Ukiwa na vipindi mfululizo kuanzia saa sita mpaka saa kumi, swala tatu zinagusa muda huo huo. Hapo ndipo wengi wanapochemka, maana kichwani bado wanatembea na saa za nyumbani: "Nitaswali Alasiri nikitoka darasani." Akitoka, jua limeshazama.

Wakati wa joto tatizo linageuka. Isha inachelewa sana na Alfajiri inawahi sana. Sababu ni ya kijiografia. London iko mbali na Ikweta, na katikati ya mwaka jua halizami chini vya kutosha kuleta giza kamili la usiku. Kwa hiyo ile alama ya angani inayotumika kuhesabu Isha na Alfajiri haipatikani kabisa kwa wiki kadhaa. Masheikh wametoa njia tofauti za kukadiria. Wapo wanaogawa usiku mafungu, wapo wanaofuata mji ulio karibu wenye usiku kamili, na wapo wanaoweka Isha dakika kadhaa maalum baada ya Magharibi. Ndiyo maana misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kuwa na ratiba mbili.

Usipoteze usingizi kwa hilo. Chagua msikiti ulio karibu nawe, fuata ratiba yake, basi. Programu ya simu ni nzuri, ila hakikisha imewekwa mji unaoishi na njia ya hesabu inayofanana na ya msikiti wako.

Kumbuka pia kwamba saa za Uingereza hubadilishwa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa nyuma. Kwa usiku mmoja, ratiba nzima ya swala inaruka saa moja.

2. Kibla sio kule ulikozoea

Dar, Zanzibar na Mombasa ziko kusini mwa Makka karibu kwa mstari mmoja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Ukiwa London, kibla ni kusini-mashariki. Dira ya simu inaweza kudanganywa na vyuma vilivyo karibu, kama fremu ya kitanda au meza. Ukihamia chumba kipya, pima mara mbili tatu sehemu tofauti, kisha weka alama ndogo ukutani. Imeisha hiyo.

3. Sehemu ya kuswali chuoni

Vyuo vikuu vingi vya Uingereza vina chumba cha swala, au chumba cha utulivu kinachotumiwa na watu wa dini zote. Vingine vina mpaka sehemu ya kutawadhia na imamu au mshauri wa wanafunzi Waislamu. Vingine havina kitu cha maana.

Lakini usidhani kwamba sheria inakuhakikishia chumba. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza chuo kukubagua kwa sababu ya dini yako. Hilo ni tofauti na kusema kila taasisi lazima ikutengee mahali pa kuswali. Mwezi Aprili 2024, Mahakama Kuu mjini London iliikataa kesi ya mwanafunzi Muislamu aliyepinga marufuku ya swala katika shule ya sekondari ya Michaela. Ile ilikuwa sekondari, sio chuo kikuu, ila inaonyesha kwamba hoja ya "ni haki yangu" peke yake haitoshi. Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi, na uliza mapema.

Njia rahisi zaidi ni kuwatafuta wenzako. Karibu kila chuo kikubwa kina jumuiya ya wanafunzi Waislamu, wenyewe wanaiita ISoc. Shirikisho lao la kitaifa, FOSIS, lipo tangu 1963. Hawa ndio wanaojua chumba kiko wapi, funguo anazo nani, Ijumaa inaswaliwa wapi na futari ya pamoja ni lini. Jiunge wiki ya kwanza. Wiki hiyo hiyo utaalikwa kwenye sherehe nyingi zenye pombe, na ni rahisi kusema "hapana, asante" ukiwa na sehemu nyingine ya kwenda.

4. Ijumaa na viza yako

Hapa tuongee kwa makini, maana kuna mtu anaweza kupoteza vyote.

Mwanafunzi wa kigeni yuko Uingereza kwa udhamini wa chuo. Chuo kinatakiwa kufuatilia kama kweli unashiriki masomo, na kikiona umepotea kinaweza kuondoa udhamini wake. Kwa hiyo kukimbia kipindi cha Ijumaa mchana kila wiki kimya kimya ni hatari.

Fanya hivi. Ratiba ikitoka, angalia Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Ukiona kipindi kinagongana na swala, mwandikie barua pepe mratibu wa kozi siku hiyo hiyo, uombe kuhamishiwa kundi lingine la semina au maabara. Mara nyingi somo moja lina makundi kadhaa. Angalia pia misikiti ya karibu, kwani mingi inaswalisha Ijumaa mara mbili ili watu wa kazini na wanafunzi wapate nafasi.

Mitihani nayo ni vivyo hivyo. Vyuo vingi vina fomu ya kueleza siku za ibada zinazoweza kugongana na mitihani, na fomu hiyo ina tarehe ya mwisho. Idd sio sikukuu ya taifa Uingereza. Ukija kulalamika wiki ya mtihani, jibu litakuwa umechelewa.

5. Udhu, kopo na udi

Mambo haya watu wanaona aibu kuyaandika, lakini ndiyo yanayosumbua kila siku.

Vyoo vingi huko vina karatasi tu, hakuna maji. Beba kopo lako au chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo mwembamba. Ukiishi bweni la choo cha pamoja, chupa ndiyo inakuokoa.

Kutawadha kwenye sinki la chuo nako kuna mambo yake. Kuinua mguu juu ya sinki kunawashangaza watu na kunamwaga maji sakafuni. Toka nyumbani na udhu inapowezekana, na ukimaliza kutawadha futa maji. Kwenye baridi kali, fiqhi inaruhusu kupangusa juu ya khofu ulizovaa ukiwa na udhu, mchana na usiku mmoja kwa mkazi. Kwenye soksi za kawaida masheikh wametofautiana. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani yetu tunafuata, yana masharti makali zaidi. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Swali lingine linalojirudia: je, mwanafunzi ni msafiri, apunguze swala? Kwa Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi mahali anahesabiwa mkazi. Kwa Hanafi ni siku 15. Wewe unaenda mwaka mzima au mitatu, kwa hiyo rakaa nne ni nne.

Na udi? Usiwashe chumbani. Mabweni yana vitambua moshi, kengele ikilia jengo zima linatoka nje saa nane za usiku, na unaweza kutozwa faini. Ubani na chetezo waachie nyumbani.

6. Chakula: soma nyuma ya pakiti

Kwenye miji kama London, Birmingham, Leicester, Manchester na Bradford nyama halali ipo tele. Miji midogo ndio mtihani.

Kwenye mabucha utaona alama za mashirika mawili yanayojulikana, HFA na HMC. Tofauti yao kubwa ni kumzubaisha mnyama kabla ya kuchinja. HMC hawakubali kabisa, HFA wanakubali aina ambayo mnyama hafi kwayo. Wewe na sheikh wako mtaamua.

Dukani, jifunze kusoma viambato. Jelatini isiyotajwa imetoka wapi inaweza kuwa ya nguruwe, na iko kwenye pipi nyingi laini na baadhi ya mtindi. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama. Ukiona alama ya chakula cha wasiokula nyama, wasiwasi wa nguruwe na jelatini umeondoka, ila bado angalia pombe kwenye mchuzi na keki. Samaki, mayai na maharage ni marafiki zako.

Jiko la pamoja ni mada nyingine. Mwenzako atapika kitimoto kwenye sufuria uliyonunua wewe, tena bila ubaya wowote, hajui tu. Kwa Shafi, chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Rahisi zaidi ni kuwa na sufuria yako, kikaango chako na kisu chako, uvihifadhi chumbani. Waambie wenzako mapema, kwa tabasamu. Wengi wataheshimu.

7. Ramadhani: habari njema na habari ngumu

Habari njema ni kwamba Ramadhani sasa inaingia kwenye baridi. Mwezi huo unarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka. Waliosoma Uingereza mwaka 2016 walifunga Juni, zaidi ya saa 18 kwa siku. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Saumu ya London mwezi Januari haifiki saa 11, wakati nyumbani tunafunga saa 13 na kitu.

Habari ngumu ni kwamba futari itaingia ukiwa darasani au kwenye basi. Weka tende na chupa ya maji kwenye begi kila siku. Januari pia ni mwezi wa mitihani kwa vyuo vingi, na kwa masheikh walio wengi mtihani peke yake sio udhuru wa kula. Mwenye kisukari, mgonjwa au mjamzito aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, sio baada.

Na ule mjadala wetu wa mwezi wa kitaifa na mwezi wa kimataifa? Utaukuta huko huko. Wapo wanaofuata Saudia, wapo wanaosubiri mwezi uonekane karibu. Unaweza kuswali Idd Ijumaa na jirani yako akaswali Jumamosi. Fuata msikiti wako, wape wengine mkono wa Idd siku yao, maisha yaendelee.

8. Msikiti wenyewe utakuwa mgeni kwako

Misikiti mingi ya Uingereza iliasisiwa na watu kutoka Pakistan, India na Bangladesh, ambao wengi wao ni Hanafi. Usije ukashangaa hakuna kunuti ya Alfajiri, "amina" inasemwa kimya, Witri ina mpangilio mwingine, na Alasiri inaswaliwa imechelewa. Hawajakosea. Hanafi wanasubiri kivuli kifikie mara mbili ya urefu wa kitu, Shafi mara moja. Ratiba nyingi zinaonyesha nyakati zote mbili.

Hotuba inaweza kuwa ya Kiurdu au Kibengali. Kwa mabinti, kuna misikiti isiyo na sehemu ya wanawake, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari. Chumba cha swala cha chuo mara nyingi kinakuwa rahisi zaidi kwao.

9. Kazi, pesa na mavazi

Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi nyingi za haraka ziko kwenye baa, mahoteli na maduka yanayouza pombe. Uliza majukumu kabla ya kusaini, maana kukataa siku ya kwanza kazini kutaleta ugomvi ambao ungeepukika.

Kwenye benki, riba inakuja kwa sura mbili: unayolipwa kwenye akaunti ya akiba na unayotozwa ukitumia zaidi ya ulichonacho. Fungua akaunti ya kawaida isiyolipa riba na uombe benki ifunge uwezekano wa kwenda chini ya sifuri. Kadi za mkopo zipishe.

Hijabu haina tatizo vyuoni Uingereza. Wanaosomea uuguzi na udaktari wajue kwamba hospitali zinataka mikono iwe wazi chini ya kiwiko wakati wa kumhudumia mgonjwa, kwa ajili ya usafi. Mwongozo wa NHS wa mwaka 2020 umetaja mikono ya kuvaa na kutupa kwa wanaotaka kujisitiri. Zungumza na msimamizi kabla ya kwenda wodini.

10. Usalama na tahadhari

Tusidanganyane, chuki ipo. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2024 zilizuka ghasia katika miji kadhaa, na msikiti wa Southport ulishambuliwa. Siku kama hizo fuata taarifa za chuo na msikiti, tembeeni wawili wawili. Ukitukanwa au kuvuliwa hijabu, hilo ni kosa la jinai. Dharura ni 999, taarifa isiyo ya dharura ni 101, na chuo kijulishwe pia.

Vyuo vina wajibu wa kisheria tangu 2015 wa kuzuia wanafunzi kuvutwa kwenye ugaidi. Sheria hiyo haikatazi kuswali, kufuga ndevu wala kuvaa hijabu. Ila ukikutana na mtu anayekuvuta pembeni, anakutaka uwakate wazazi na masheikh wa kwenu, anakuonyesha video za kumwaga damu, jua huyo anawinda wapweke. Ondoka, kisha mwambie mtu unayemwamini.

Kama unaenda nchi nyingine

China: shughuli za dini haziruhusiwi ndani ya shule na vyuo, na kanuni zilizoanza Februari 2018 zimelikazia hilo. Swala ya jamaa inaswaliwa kwenye misikiti iliyosajiliwa, kama Niujie wa Beijing au Huaisheng wa Guangzhou. Usianzishe darsa bwenini. Kwa chakula, tafuta neno "qingzhen", 清真, ndiyo alama ya halali, na vyuo vingi vina mgahawa wa aina hiyo.

Ufaransa: sheria ya 2004 inakataza hijabu kwenye shule za serikali za msingi na sekondari, lakini haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Nikabu inayofunika uso imekatazwa hadharani tangu 2011.

Norway kaskazini: mji kama Tromsø, kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Julai jua halizami kabisa. Waislamu wa huko hufuata nyakati za mji wenye usiku na mchana, au za Makka, kwa mujibu wa fatwa waliyoichukua.

Jambo la mwisho: upweke

Kinachowaangusha wengi sio pombe wala kitimoto. Ni chumba kimoja, baridi, giza saa kumi jioni, na simu ya nyumbani inayokatika. Mtu akiwa mpweke, swala inakuwa nzito. Akipata watu wawili watatu wa kuswali nao, inakuwa nyepesi tena. Kwa hiyo mwezi wa kwanza tafuta watu kabla ya kutafuta sufuria. Na wazazi, mnapopiga simu, msiulize tu "umeswali?" Ulizeni pia "umeswali na nani, na mmekula nini baadaye?" Jibu la swali hilo litawaambia mengi zaidi kuhusu hali ya mtoto wenu.